Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: tuanze na pampu zilizokufa

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Mbukwenyi. Nakuandikia kutoka Kongwa, Oktoba hii ambapo akina mama wanafukua mchanga wa korongo kwa bakuli, wakisubiri maji yachuruzike.

Kijijini kwetu ipo pampu ya mkono. Ilikaa miezi minne bila kutoa tone kwa sababu ya raba moja ya ndani, kitu kinachoenea kiganjani. Tulichanga fedha, kamati ya maji ikapeleka barua. Tukajibiwa tuvute subira, unakuja mradi mkubwa wa kufikisha bomba kila kaya. Mwisho fundi baiskeli wa Kibaigwa akatukatia raba kwenye tairi kuukuu. Ikadumu wiki tatu.

Mradi mkubwa siupingi. Kinachoniumiza ni kuambiwa tuache kidogo tunachokiweza kwa ajili ya kikubwa kisichofika. Ardhi hii ya Kongwa imeshayaona hayo. Mwaka 1947 Waingereza walianzia hapa mpango wa karanga, wakikusudia zaidi ya ekari milioni 3 Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, wala hawakujaribu kwanza kwa shamba dogo. Mvua zikagoma, udongo ukakauka mithili ya saruji. Mwaka 1951 wakaacha, pauni milioni 36 hivi zimeteketea. Na sisi wenyewe mwaka 1971 tuliahidi kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji atapata maji safi ndani ya mita 400. Nia ile naiheshimu kwa moyo wote. Lakini nguvu ziliishia kwenye kujenga, matengenezo yakakosa mwenyewe.

Ombi langu ni hili: mwaka huu wa fedha mkoa ujiwekee lengo la kufufua kila pampu iliyopo. Kila kata ipate fundi mmoja na sanduku la vipuri, na orodha ya pampu mbovu ibandikwe ofisi ya kijiji pamoja na tarehe ya matengenezo. Lengo hilo bibi yangu atalikagua mwenyewe, kwa kushika mpini. Najua raba haiwekewi jiwe la msingi wala haingojewi na Mwenge, ila ndiyo inayotutoa korongoni.

Watendaji wa vijiji wanaweza kukusanya orodha hiyo kabla mvua za Desemba hazijaanza. Ya kwetu nimeshaiandika, nakala ipo kwa mtendaji.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kongwa