Barua ya malalamiko: malori yanayozidishwa lumbesa na kuvutwa kwa kamba Kitonga

Mafundi na Madereva wa Malori,
Ilula, Iringa.

Meneja Usafirishaji,
(jina la kampuni tumelihifadhi)

Ndugu Meneja,

YAH: KUZIDISHA MZIGO NA KUVUTA MALORI KWA KAMBA KATIKA MTEREMKO WA KITONGA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaandika kuhusu Fuso zenu za ekseli mbili (vyuma vinavyobeba tairi, kimoja mbele na kimoja nyuma) zinazopakia viazi na vitunguu Ilula kwenda Dar es Salaam. Kila linapotokea tatizo Kitonga, ofisi yenu ina jibu moja: uzembe wa dereva. Hatulikubali jibu hilo. Gari linakuwa limeshaharibiwa uwanjani kwenu, dereva hajapanda hata kitini.

Karatasi zenu za kupakia zinaandika idadi ya magunia, kilo hazimo. Magunia 100, basi. Kisheria gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na kwa gunia la namna hiyo hesabu inakaa: gari tupu karibu tani 8, mzigo tani 10, jumla 18. Hicho ndicho kikomo cha gari kama hilo kwa Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari, yaani tani 8 ekseli ya mbele na tani 10 ekseli ya nyuma yenye tairi nne. Ila nyinyi mnapakia lumbesa. Gunia lililoshindiliwa na kushonewa kilemba cha wavu juu linafika kilo 140. Magunia yaleyale 100 yamekuwa tani 14, gari zima tani 22, na karatasi ni ileile. Kisha linaongezwa tabaka moja juu ya bodi, la "mzigo wa njiani", na hapo tani 25 haziko mbali.

Mnajua vizuri kwa nini mnapakia Ilula. Mizani ya Wenda iko upande wa pili wa Iringa mjini, kwa hiyo gari linateremka Kitonga kabla halijapimwa popote. Likikaribia mizani inayofuata mnafaulisha, yaani mnahamishia, magunia ya ziada kwenye Kenta, lori dogo. Anayefaulisha mzigo kabla ya mizani hawezi kusema hakujua kwamba umezidi.

Tatizo la pili ni springi. Fuso zenu nyingi zimeongezewa vipande vya springi nyuma, nyingine zimewekewa na vipande vya mbao ngumu kati ya springi na chesisi ili gari lisikae chini. Kwa macho linaonekana limebeba kawaida. Lakini springi nene haiongezi breki, haiongezi beringi, haiongezi tairi. Chukueni tairi ya 10.00R20 yenye namba 146/143 ubavuni. Ile 143 maana yake kila tairi ikifungwa pacha inabeba kilo 2,725, na tairi nne ni kilo 10,900. Kwenye gari la tani 22 uzito wa ekseli ya nyuma unazidi hizo kilo 10,900 kwa urahisi. Na hiyo ni hesabu ya tairi zilizojazwa upepo sawasawa. Pacha moja ikipungua upepo, mwenzake anabeba mzigo wa wawili, ile legevu inajikunja na kupata joto, mbavu zinagusana, zinasuguana. Ikipasuka mnanunua nyingine na kumkata dereva mshahara.

Magunia yanayoning'inia nyuma ya bodi nayo yana lake. Mzigo uliopita nyuma ya ekseli ya nyuma unainua mbele kama pembea. Usukani unakuwa mwepesi, dereva anasifu gari, kumbe tairi za mbele hazijakamata lami vizuri. Kona za Kitonga zinataka tairi za mbele kuliko kitu kingine chochote.

Sasa breki, na hapa tunaomba msome polepole. Gari la tani 18 likishuka mita 100 za kimo bila kuongeza mwendo, breki na injini lazima vimeze joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji. La tani 25 ni zaidi ya lita 70, kwa dramu zilezile (ngoma za chuma zinazozunguka na tairi) na lainingi zilezile (vipande vinavyozibana dramu ili gari lisimame). Dramu ikipata moto inatanuka na kuikimbia lainingi; busta, kile chombo kinachosukuma breki kwa upepo, inalazimika kusukuma mbali zaidi hadi mkono wake unafika mwisho. Lainingi nayo inang'aa kama kioo na haishiki tena. Dereva anakanyaga, anaachia, anakanyaga tena, na kila anapokanyaga anakula upepo wa kwenye tangi. Harufu ya lainingi hapo inafika kabla gari halijaonekana.

Dawa yake ni kuanza mteremko ukiwa tayari kwenye gia ndogo, na breki ya injini ikifanya kazi. Lakini mafuta mnayowapimia madereva ni ya gari lisilozidishwa mzigo, na yanayopungua wanajaza kwa pesa yao. Ndiyo maana mteremko unageuzwa mahali pa kuokoa lita mbili tatu: dereva anatoa gia, anapiga nyutro. Gari likitoka kilomita 40 kwa saa kwenda 80, kazi ya kulisimamisha inakuwa mara nne, wala si mara mbili, na kwa mwendo huo kurudisha gia ndogo hakuwezekani tena.

Malalamiko yetu makubwa kuliko yote ni jinsi mnavyovuta magari yaliyoharibika. Gari likizima juu ya mteremko, mnatuma Fuso nyingine, nayo imepakia, na kamba ya manila au mnyororo wa mita tatu, unafungwa kwenye bampa au kwenye kikalio cha springi. Mara nyingine ni bomba la maji lililochomelewa vipande viwili vya bapa mwishoni. Kuna siku ni gogo la mkaratusi lililofungwa kwa raba za tyubu.

Kamba inavuta, haizuii. Kwenye kuteremka gari la nyuma linalikimbilia la mbele. Na gari la nyuma halina kitu: injini imezima, kwa hiyo hakuna pampu ya kujaza upepo, na usukani mzito kama jiwe. Upepo ukiisha kwenye tangi, springi zilizo ndani ya busta za nyuma zinafunga breki zenyewe. Hapo utingo anaingia uvunguni na spana, anakaza bolti ya busta mpaka springi inarudi ndani. Tairi zinaachia, gari linavutika. Wakati huohuo gari hilo halina breki ya mguu wala ya mkono, na liko kwenye mteremko likiwa na tani 22. Mbaya zaidi, wakilitengeneza wanasahau kuirudisha ile bolti, na gari linarudi kazini bila breki ya kuegesha. Anayebisha aende uwanjani kwenu leo akatazame nyuma ya busta: bolti iliyochomoza nje ni breki isiyokuwepo.

Usiku kamba haionekani. Mwenye bodaboda anaona malori mawili yenye nafasi katikati, anakatiza.

Namna ya kufanya inajulikana. Faulisheni mzigo kwanza, na tairi ziwekewe vizuizi mbele na nyuma. Chuma kigumu cha kuvutia kifungwe kwa pini kwenye ndoano za chesisi, si kwenye bampa. Mpira wa upepo utoke gari la mbele kwenda la nyuma, tangi lijae, breki ijaribiwe na msikilize kama kuna mahali panavuja. Baada ya hapo ndipo vizuizi viondolewe. Kabla ya kuviondoa, propela shafti (chuma kinachounganisha gia boksi na tairi za nyuma) iwe imeshafunguliwa, maana tairi zikizungusha gia boksi ambayo injini yake imezima, mafuta hayapandi juu na beringi zinaungua. Ufunguo uwashwe ili usukani usijifunge, taa za tahadhari ziwake, mwendo uwe wa kutembea. Kazi hiyo inakula saa mbili, na Kitonga ifanyike mchana. Kama hamna chuma wala mpira wa upepo, kodini gari la kuvuta lenye winchi.

Tunachodai ni hiki. Mzigo upimwe kwa kilo pale Ilula na karatasi ya kupakia iandike kilo. Lumbesa ikataliwe getini. Springi na mbao za ziada zitolewe, na kila busta ikaguliwe bolti yake kabla gari halijatoka tena. Mafuta yapangwe kwa uzito halisi. Kamba na minyororo ya kuvutia iondolewe kwenye magari yote, na kila kituo chenu kiwe na chuma kimoja cha kuvutia chenye mpira wake wa upepo. Namba za magari saba tuliyoyaona yakiwa na bolti zilizokazwa tumeziambatisha kwenye karatasi ya pili.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mafundi na Madereva wa Malori, Ilula.

Nakala:
Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), Mkoa wa Iringa
Kikosi cha Usalama Barabarani, Mkoa wa Iringa