Spana Kwanza: Wito wa Harambee kwa Gereji ya Vijana Wetu, Indianapolis

Wapendwa mama zetu, baba zetu, kaka na dada, mlioko hapa mjini na mlioko mbali,

Bwana Yesu asifiwe.

Tunawaandikia kutoka Indianapolis, jimbo la Indiana, Marekani. Sisi ni kanisa dogo la watu wanaosali kwa Kiswahili: wengi wametoka Kivu, wengine Kigoma na Bujumbura, na familia chache za Mombasa. Tunaomba mtusaidie kufungua gereji ya mafunzo kwa vijana wetu, itakayofanya kazi kila Jumamosi. Hesabu nitazitaja hapa chini, shilingi kwa shilingi kama wasemavyo nyumbani. Ila kamati imeniomba kwanza nieleze jambo nililolisimulia baada ya ibada, kwa sababu ndilo lililoanzisha mpango huu wote.

Kwenye barabara ya East 38th Street kuna uwanja wa maonyesho ya jimbo. Mliowahi kwenda Nane Nane mtauelewa mara moja: mabanda ya ng'ombe na mbuzi, mahindi ya kuchoma, watoto wanaolilia pipi, wakulima waliovaa vizuri. Maonyesho yalihamia hapo mwaka 1892, na katikati yake ikawekwa njia ya udongo ya mbio za farasi, yenye umbo la yai, mzunguko mmoja maili 1, yaani kama kilomita 1.6. Farasi hawa hawapandwi mgongoni. Wanavuta kigari cha magurudumu mawili, na mwendeshaji amekaa nyuma ameshika hatamu.

Kisha magari yakaja. Tarehe 20 Juni 1903, Barney Oldfield aliizunguka njia hiyo kwa sekunde 59.6, na watu wakaona kwa mara ya kwanza gari likimaliza maili nzima ya mviringo ndani ya dakika moja. Novemba 1905 gari la kiwanda cha National, kilichokuwa hapa hapa mjini, lilizunguka usiku na mchana likamaliza maili 1,094 kwa saa 24. Mkuu wa kiwanda hicho, Arthur Newby, alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wanne walioujenga mwaka 1909 ule uwanja mkubwa wa mbio upande wa magharibi ya mji, uliotandikwa matofali milioni 3.2. Dunia nzima inaujua ule wa matofali. Huu wa udongo, ulioutangulia, hata sisi tunaopita mlangoni pake kila wiki tulikuwa hatuujui.

Mimi ni fundi magari. Kazi niliisomea kando ya barabara Kigoma, nikimshikia fundi wangu tochi hadi mkono unakufa ganzi. Nikishika tochi vibaya ananikemea, nikishika vizuri ananionyesha. Miaka tisa nilifanya kazi hiyo kabla ya kufika huku. Nilipofika niliomba kazi kwenye gereji moja hapa mjini. Nikaulizwa cheti, sina. Nikaulizwa barua ya mwajiri, na mwajiri wangu alikuwa mzee chini ya mwembe. Nikapewa ufagio. Kwa miezi kumi na moja nilifagia nikipita kando ya magari ambayo ugonjwa wake niliusikia kwa masikio, na sikuruhusiwa hata kufungua boneti. Siwalaumu kwa hasira. Nawaeleza ili mjue kwa nini jina la Charlie Wiggins liliponifikia nilishindwa kulala.

Charlie Wiggins alizaliwa mwaka 1897 huko Evansville, kusini mwa jimbo hili hili, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, naye akawa anang'arisha viatu vya watu nje ya gereji. Macho yalikuwa kwenye kiatu, masikio kwenye injini. Mwenye gereji akamwona kuwa ana kipaji, akamchukua kama mwanafunzi. Mwaka 1922 alihamia Indianapolis na mkewe Roberta, na haikuchukua muda akawa na gereji yake mwenyewe. Gari lake la mashindano alilijenga kwa mikono yake, kwa vyuma alivyookota kwenye majalala ya magari mabovu, akaliita Wiggins Special.

Lakini wapi pa kulikimbiza? Chama cha magari cha AAA ndicho kilichosimamia mbio kubwa, na milango yake ilikuwa imefungwa kwa madereva weusi. Kwenye uwanja wa matofali hawakuruhusiwa kushindana. Hiyo ndiyo ilikuwa Indiana ya miaka ile: kundi la wazungu wabaguzi la Ku Klux Klan lilikuwa na nguvu hadi kwenye siasa za jimbo, na mwaka 1927 mji ulifungua shule ya sekondari ya Crispus Attucks ili watoto weusi wasome peke yao.

Hapo ndipo penye jambo letu. Wafanyabiashara weusi wa mji huu, akiwemo William Rucker, walikaa pamoja na waandaaji wawili wazungu waliokubali kushirikiana nao, wakaunda chama cha mbio cha watu weusi. Wakakodi uwanja wa maonyesho. Tarehe 2 Agosti 1924, siku ya Jumamosi, wakafanya mbio za maili 100 kwenye ile njia ya udongo. Watu wapatao 12,000 walikuja. Malcolm Hannon akashinda. Frank Young, mwandishi wa michezo wa gazeti la Chicago Defender, alikuwa ameandika kwamba madereva watakimbia wapate dhahabu yao na utukufu wa watu wao, na jina likashika: Gold and Glory, Dhahabu na Utukufu. Mbio hizo ziliendelea hadi 1936, na Wiggins alishinda mara nne: 1926, 1931, 1932 na 1933.

Naomba nieleze kidogo udongo, maana asiyeujua anaweza kudhani ulikuwa mchezo wa pili kwa ubora. Kwenye udongo gari halikati kona kwa kufuata usukani. Dereva anaingia kasi, magurudumu ya nyuma yanateleza kwenda nje, naye anakata usukani kulia huku gari lenyewe linakwenda kushoto, analiongoza kwa mguu wa mafuta. Na njia inabadilika chini yake kila mzunguko. Udongo ukikauka ni vumbi tupu, huoni aliye mbele yako. Ukimwagiwa maji mengi unateleza kama sabuni. Magari yakipita sana pale pale yanachimba makorongo yanayoweza kulibinua gari. Waliowahi kuendesha kati ya Kasulu na Kigoma masika, kabla ya lami, wanajua miguu inavyotetemeka. Hebu fikiri kufanya hivyo maili 100, bila mkanda, bila paa, na kofia ya kitambaa kichwani.

Mwaka 1934 dereva Bill Cummings alimtaka Wiggins ashughulikie injini yake kwa ajili ya mbio za maili 500 kwenye uwanja wa matofali. Fundi mweusi hakuruhusiwa kufanya kazi pale. Ikabidi aingie kama mfagiaji. Mchana ufagio, usiku spana. Cummings alishinda mbio hizo, na dunia ilimpigia makofi.

Niliposikia habari hiyo nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba yangu, na nilikaa pale muda mrefu.

Miaka miwili baadaye, kwenye mbio za 1936 katika uwanja wa maonyesho, magari 13 yaligongana. Wiggins alikatwa mguu. Mbio za Dhahabu na Utukufu zikaisha mwaka huo huo. Yeye hakuisha. Alijichongea mguu wa mti akarudi gerejini, akafundisha vijana na kutengeneza magari kwa miongo mingine minne, hadi alipofariki mwaka 1979. Alizikwa makaburi ya Crown Hill, na kwa zaidi ya miaka 20 kaburi lake halikuwa na jiwe. Dereva mweusi wa kwanza kushindana kwenye zile mbio za maili 500, Willy T. Ribbs, aliingia mwaka 1991. Wiggins hakuwepo kumwona.

Njia ya udongo yenyewe iliendelea kutumika. Kuanzia 1953, Bob Sweikert aliposhinda mara ya kwanza, palikuwa na mbio nyingine za maili 100 zilizowaleta madereva wakubwa wa nchi hii. A.J. Foyt alizishinda mara sita. Mwaka 2020 magari yalikimbia pale mara ya mwisho, na njia ikaachiwa farasi. Nilikwenda kuiona mwezi Mei. Nilisimama kwenye ukingo wa kona nikainama, nikachukua udongo kiganjani. Siku hizi umechanganywa na kokoto laini za chokaa kwa ajili ya kwato. Farasi mmoja mwekundu alikuwa akifanya mazoezi, pumzi yake nilikuwa naisikia kabla sijaona kigari.

Sasa nije kwa vijana wetu. Mwezi Januari gari la mama mmoja wa kwaya lilikataa kuwaka vizuri mbele ya ukumbi tunaosalia. Baridi ilikuwa kali, watu wamejikunyata. Kijana wa miaka kumi na tano, ambaye shuleni wanasema hatulii darasani, alisogea akainamisha kichwa kwenye boneti kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Akasema, "Mzee, linakohoa upande mmoja." Nilifungua plagi ya silinda ya tatu. Ilikuwa nyeusi tii, imelowa mafuta. Yule kijana hajawahi kushika spana maishani mwake. Nilimuuliza amejuaje. Akasema amesikia tu.

Tunao vijana kumi na wanne wanaotaka kujifunza, wasichana watano wakiwemo. Baadhi ya wazazi walipinga mwanzoni. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisimama kwenye kikao akasema hakuvuka bahari ili mjukuu wake arudi kuwa mchafu wa grisi, bali awe daktari. Tulizungumza naye kwa upole. Gereji hii haiwatoi shule. Mwanafunzi asiyekuja na ripoti yake ya muhula hataingia, na tumekubaliana kwamba watakaoendelea hadi mwaka wa pili tutawalipia mitihani ya kupata cheti cha ufundi kinachotambulika nchi hii, ili wasiulizwe swali nililoulizwa mimi nikakosa jibu. Mzee yule ndiye aliyetoa mchango wa kwanza.

Muumini mmoja mwenye karakana ametuachia chumba cha magari mawili bila kodi kwa miaka mitatu. Umeme upo. Kilichobaki ndicho tunachowaomba. Winchi ya kunyanyulia gari pamoja na kuifunga ni dola 4,200. Kompresa na spana za upepo ni dola 2,300. Masanduku manne ya spana, jeki, stendi na mashine ya kusomea hitilafu za gari ni dola 4,900. Bima kwa mwaka mmoja ni dola 2,600. Viatu vya chuma, miwani na ovaroli za watoto kumi na wanne ni dola 1,900. Ada za mitihani tumeziwekea dola 1,700. Zilizobaki, dola 800, ni za kuchapa kijitabu cha Kiswahili kuhusu uwanja wa udongo na watu wake, ili mtoto anayeshika spana ajue nani alishika kabla yake katika mji huu. Jumla ni dola 18,400. Hadi Jumapili iliyopita tulikuwa tumekusanya 6,150. Tunapungukiwa 12,250.

Najua mikono yenu imechoka. Kila wiki kuna msiba, kuna harusi, kuna nauli ya mtu aliyekwama njiani. Najua pia kwamba wengi wenu mnalea nyumba mbili, ya huku na ya kule. Hatuwaombi mkope. Atakayetoa dola 10 ametoa miwani ya kijana mmoja, na akina mama wa kwaya wameshaamua kuuza sambusa na mandazi kila mwisho wa mwezi. Kama huna fedha una kifaa, tunakipokea: spana ya namba 13 iliyokaa kwenye droo yako bila kazi ina kazi kwetu. Kama huna kifaa una ujuzi, njoo ufundishe Jumamosi mbili. Na walioko Dar, Nairobi, Lubumbashi au Muscat wasione kwamba wako mbali mno. Watoto hawa ni wajukuu wenu.

Michango inapokelewa na mhazini baada ya ibada, au kupitia mjumbe wa kamati aliye karibu nawe. Kila anayetoa anapewa risiti, na hesabu zitabandikwa ukutani kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, senti kwa senti, kila mtu azisome.

Siku ya harambee yenyewe ni Jumamosi ya kwanza ya Agosti, kuanzia saa nne asubuhi, palepale kwenye karakana. Tumeichagua siku hiyo makusudi, kwa ajili ya Jumamosi ile ya 1924. Asubuhi tutakwenda Crown Hill pamoja na vijana kuweka maua kwenye kaburi la Wiggins, kisha turudi kwa chakula: pilau, maharage na sombe. Injini moja ya zamani, ya silinda nne, itakuwa imefunguliwa mezani. Yule kijana wa plagi ataanza kuifunga, na tumemwahidi kwamba atakuwa na mtu wa kumshikia tochi. Ukija vaa nguo usizoogopa kuzichafua.

Wenu katika Kristo,
Mwenyekiti, kamati ya gereji ya vijana