Barua ya wazi: Mheshimiwa, ndege zetu za kivita za Sukhoi zimebaki ngapi?

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya ndege za jeshi letu la Kongo,

Salamu, na pole kwa majukumu. Nakuandikia kutoka upande wa Uganda. Sake tuliwakimbia waasi wa M23 Februari 2024, Goma tukaikimbia Januari 2025, na sasa sina pa kukimbilia tena. Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Juzi usiku ndege ya mizigo ikapita juu yetu, mwanangu wa miaka sita akaingia uvunguni, na kutoka hukohuko akauliza: "Mama, hiyo ni yetu?" Sikumjibu.

Kesho yake redioni nikamsikia bwana mmoja akituelimisha kwamba Sukhoi-25 ni chuma chakavu, vita vya sasa ni vya droni. Tunashukuru kwa elimu. Ila sisi tuliokuwa chini tuna macho.

Tarehe 24 Januari 2023 nilikuwa Goma, nimekaa na magunia yangu ya makaa. Kombora likaifuata Sukhoi yetu, likalipuka ubavuni mwake. Tukapiga mayowe, tukajua basi. Wapi! Ilikwenda ikatua kwa magurudumu yake kwenye uwanja uleule ambao lava ya 2002 ilikula kipande, watu wakakimbilia kuuzima moto. Shemeji yangu, fundi wa magari, alinieleza baadaye: ina injini mbili, moja ikiumia nyingine inakurudisha nyumbani, na rubani amekaa ndani ya kitu kama beseni la titani. Iliruka mara ya kwanza 1975. Ni dada yangu mkubwa, Mheshimiwa, na mimi bado nabeba gunia.

Huko Ukraine pande zote mbili zinaendelea kuirusha. Inapita karibu iguse miti, inainua pua, inamwaga roketi, inageuka. Droni inaona vizuri na haichoki, sikatai. Lakini Sukhoi hubeba tani nne za silaha, na zile droni za Kichina za jeshi letu hazifikishi hata nusu tani.

Sasa kwa nini siku tuliyoihitaji hatukuisikia? Wengine wanasema vipuri. Wengine wanasema makombora ya adui yamezidi. Mimi nahisi hakuna mtu wa chini mwenye redio wa kumwambia rubani: piga kilima hiki, pale acha, pale kuna watu. Maana Novemba 2022 moja ilikwenda kutua Rubavu, ndani ya Rwanda! Rubani akikosea nchi nzima, shamba langu la maharage ataliona? Hiyo ndiyo hofu yetu nyingine, na msijifanye hamuijui. Tuliwahi kuikimbia ndege yetu wenyewe.

Mlituahidi anga italindwa. Mlituambia tutulie. Tulitulia hadi tukavuka mpaka tumetulia.

Siombi ndege mpya, wala hema, wala ziara yenu na kamera. Naomba namba moja tu: Sukhoi ngapi bado zinaruka? Kama ni mbili, semeni mbili. Kama ni sifuri, semeni sifuri, ili mtoto akiniuliza tena usiku nijue la kumjibu. Ngapi, Mheshimiwa?

Wako kwa heshima,
Mama wa Sake, muuza makaa