Mwenzako akikuambia mrudi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima, hofu ni kwako. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mtatembea kando ya mto kutwa nzima na kulala huko huko, wewe na mwenzako, na kwamba nisiwe na wasiwasi kwa sababu mwenzako haogopi kitu. Mwanangu, ungeniambia ni mwoga kidogo ningelala usingizi.

Ngoja nikusimulie safari yangu na Mama Mdogo. Hatukuzaliwa tumbo moja, unajua, ila ukituona tunavyogombana huwezi kuamini.

Tulianza umande ungali kwenye majani. Raha ya kutembea na mto ni kwamba hupotei upesi, lakini njia yake ina vituko: mara mchanga unaomeza kisigino, mara kokoto zinazobiringika, mara mizizi iliyolowa, inateleza kama sabuni. Saa nne nikahisi kisigino kinawaka. Nikanyamaza, sikutaka nionekane nimezeeka. Saa sita nilikuwa nachechemea. Mama Mdogo akanikalisha juu ya jiwe, akanivua kiatu, akatazama lengelenge lililokwisha kupasuka, akalisafisha na kulifunika bila neno. Alipomaliza kufunga kamba za kiatu ndipo akasema, "Ungesema saa nne, ingekuwa plasta moja tu."

Alasiri njia ikatufikisha kwenye mwamba, ikakatika. Ng'ambo palikuwa na mchanga mpana, mweupe, unakuita kabisa uje upige hema. Mto hapo haukuzidi hatua ishirini. Nikaanza kukunja suruali. Mama Mdogo akaokota kijiti, akakitupa katikati ya maji, akatembea nacho sambamba ukingoni kwa mwendo wake wa kawaida. Kijiti kikamwacha.

"Hatuvuki," akasema.

Nilibishana, mwanangu, naona haya hata kukuandikia. Nilimwambia maji ya magotini hayajawahi kumchukua mtu mzima. Nilimwonyesha mbingu: jua kali, hakuna hata wingu. Naye akanionyesha maji. Asubuhi ungeweza kuhesabu kokoto chini yake, sasa yalikuwa yamepiga wekundu na yamebeba vijani. Mvua haina haja ya kukunyeshea wewe ndipo mto ujae, inatosha inyeshe kule unakotoka. Na kasi ya maji ikiongezeka maradufu, nguvu inayokusukuma miguuni inakuwa mara nne, kwa hiyo hayo ya magotini yanaweza kukung'oa, na begi la mgongoni likakumalizia. Hayo yote niliyajua siku ile ile! Lakini mtu aliyechoka anavuka kwanza ndipo akili imfuate. Mama Mdogo hakunipigia hata methali moja. Alikalia begi lake tu, akanisubiri nimalize kusema.

Tukarudi nyuma kidogo, tukapanda mteremko. Mimi nilitaka tulale karibu na maji, angalau nisikose yote. Akaninyooshea kidole matawini: nyasi kavu na vijiti vimenasa kwenye miti, usawa wa kichwa changu. Mto ulishafika pale, siku nyingine. Basi tukaenda mbali zaidi, mita 60 au zaidi kutoka ukingoni, mahali tambarare pasipo na matawi makavu juu yetu. Baadaye niligundua huko juu hata baridi ilikuwa afadhali, maana usiku hewa ya baridi hushuka na kutulia bondeni.

Nilikuwa nimenuna, na mtu aliyenuna hufanya kazi ovyo. Nikaenda mtoni kuchukua mawe laini, mazuri, nikazungushia moto. Hatujakaa sana, moja likapasuka, paa! Kipande kikapita karibu na sufuria, Mama Mdogo akaruka, maji ya chai yote chini. Mawe ya mtoni hubeba maji ndani, yakipata moto mvuke unatafuta pa kutokea. Kilichotupatanisha ni kile kicheko, wala sikuomba msamaha.

Kabla ya giza alikuwa ameshindilia kijiti penye ukingo wa maji, tuone kama yatapanda. Usiku sikulala vizuri. Mto usiku una sauti za watu, utasikia kama wanawake wanazungumza mbali, halafu ukiinua kichwa hakuna kitu. Kulipopambazuka nilimwahi, nikashuka mtoni peke yangu.

Maji hayakuwa yamepanda. Yalikuwa yamepungua, kijiti kimesimama pakavu, na kokoto zinahesabika tena. Nikarudi kambini na maneno yangu tayari, ya kumwambia uoga wake umetupotezea mchanga mweupe. Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akaendelea kukung'uta umande kwenye hema, akasema, "Basi leo tunavuka." Hakujitetea wala hakuona aibu. Tukavuka kwa viatu, penye upana na kina kifupi, mikanda ya mabegi tumeifungua kiunoni na kifuani ili mtu akianguka alitupe begi, mimi nyuma yake nimemshika mabegani, yeye na fimbo yake mbele, nyuso zetu tumezielekeza mto unakotoka.

Mpaka leo sijui kama jana yake tungepita salama. Pengine tungepita. Na bado naomba uende na mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo kabla hamjaondoka, kaeni chini mpatane: mmoja akisema turudi, mnarudi, na ubishi wote unasubiri kambini. Kisha muulize mwenzako lini mara ya mwisho alirudia njiani. Akikuambia hajawahi, nijulishe. Na wewe kisigino kikiwaka, sema hapo hapo. Najua umenirithi ukaidi.

Mengine unayajua. Maji ya mto yachemke kwa dakika 1 nzima, na mkiwa juu ya mita 2,000 yaacheni dakika 3, hata yaking'aa vipi. Haja kubwa chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali na maji. Moto uzimeni kwa maji, mkoroge majivu, myaguse kwa mkono, kama bado yana joto mwageni tena.

Hema nimelianika, limekauka. Kigingi kimoja kimepinda, ni kile nilichokigonga kwa jiwe siku ile nimenuna. Soksi za sufu nimeziweka jozi mbili, moja usiivae mpaka usiku.

Mkirudi uniandikie, hasa kama mmegombana.

Mama yako