Zile karatasi za kabatini

Dar es Salaam

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Uliposema cheo kimekwama kwa kukosa machapisho, na fedha za utafiti hakuna, nilikifikiria kile chumba chenye midoli ya mazoezi mwisho wa korido ya chuo chenu.

Kila wiki unawasimamia wanafunzi wakimpa mdoli wa mtoto mchanga hewa kwa ambu, ule mfuko wa kubinya wenye kinyago, unatia alama, kisha karatasi za alama zinaishia kabatini. Huo ndio utafiti wako, dada. Baada ya miezi mitatu, wangapi bado wanakibana kinyago usoni hewa isivuje? Wangapi wanaanza kumpa hewa ndani ya dakika ya kwanza? Waite tena, uwapime kwa karatasi ileile, watahini wawili, kila mmoja kivyake. Watahini wakipishana sana, karatasi yenyewe ina kasoro, na hilo nalo linaandikika.

Unakumbuka habari za hospitali ya Haydom, huku Tanzania? Mwaka 2010 wahudumu wa pale walifundishwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua. Miezi saba baadaye mikono yao kwa mdoli ilikuwa imeboreka, lakini leba huduma ilikuwa ileile. Walilichapisha hilo bila kulificha. Kisha wakaleta mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, na vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi 1,000. Naupenda sana utafiti ule kwa sababu walikubali kwamba kumudu mdoli hakutoshi. Nawe ukiweza, wafuate wanafunzi wako hadi leba.

Ila ridhaa usiiharakishe. Wewe ndiye unayetoa alama. Nani atathubutu kukukatalia? Mimi niliwahi kugawa fomu kwa mkono wangu, wote wakasaini, na baadaye binti mmoja akaniambia alisaini kwa kuogopa kufeli. Niliziacha data zote, na bado naumia nikimkumbuka. Fomu zigawiwe na mtu asiyewafundisha, na kamati ya maadili ikupe kibali kabla hujamwita hata mmoja. Hata karatasi za zamani ziombee kibali.

Nitumie hiyo karatasi ya alama wiki hii, Jumamosi nitakuwa na nafasi ya kuipitia. Na mwambie fundi wa maabara asichome za mwaka jana.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi rafiki yako