Mama anamlilia kijana wa kwenye tamthilia, nami najua atakufa

Ndugu Mshauri,

Baada ya salamu, naandika kuomba ushauri juu ya jambo ambalo ndugu zangu wanaliita ugonjwa, na ambalo mimi ninayeishi nalo kila siku naona si ugonjwa, ingawa sijui nilishughulikie vipi. Mama yetu ni mjane mwenye umri wa miaka 71, na ninaishi naye hapa Tanga. Amempenda mno kijana mmoja wa kwenye tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili, na kijana huyo sasa anaumwa saratani ya damu. Mama humwombea dua kila baada ya sala ya Isha, na siku ambazo kipindi kimeishia pabaya hali vizuri wala hapati usingizi mapema. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye anayelipia kifurushi cha kisimbuzi, ameamua kwamba mwezi ujao hatalipia tena na kwamba Mama apelekwe kwa daktari wa magonjwa ya akili. Lakini lipo jambo la pili ambalo kaka halijui, na Mama halijui: tamthilia hiyo ilikwisha kuonyeshwa Uturuki miaka kadhaa iliyopita, mwisho wake nimeusoma kwenye intaneti, na kijana atakufa.

Niseme kwanza Mama ni mtu wa namna gani, kwa kuwa kaka zangu huzungumza kana kwamba wanamsema mtu mwingine. Alikuwa muuguzi na mkunga hadi alipostaafu. Mpaka leo ndiye mweka hazina wa kikoba cha mtaa wetu, na wanawake wenzake wanajua kwamba daftari lake halijawahi kupishana na fedha iliyomo sandukuni. Anajua pia kwamba tamthilia ni tamthilia. Siku moja mwigizaji yule yule alitokea katika filamu nyingine akiwa polisi mla rushwa. Mama alicheka, akasema kijana leo kapata kazi mbaya, kisha akaendelea kuchambua mchele. Tena aliyatambua maradhi ya kijana kabla ya madaktari wa humo kwenye tamthilia: alipoona michubuko mikononi na homa zisizokwisha, alianza kulalamika kwamba hospitali nzima ile hakuna hata mmoja aliyefikiria kumpima damu. Nawauliza kaka zangu kama huyo ndiye mtu aliyechanganyikiwa, nao hunijibu kwamba mtu timamu hamlilii asiyekuwepo.

Jibu hilo ndilo lililonifanya nitafute cha kusoma. Nimekuta kwamba mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika katika jarida la Psychiatry kwamba mtazamaji wa televisheni hujenga na watu anaowaona humo uhusiano unaofanana sana na urafiki wa ana kwa ana, isipokuwa upande mmoja tu ndio unaomjua mwenzake. Wao waliwazungumzia zaidi watangazaji na waongozaji wa vipindi, lakini waliowafuata waliona hali hiyo hiyo kwa wahusika wa kubuni. Nikitazama sebule yetu naelewa walichokiona. Kijana huyu huja kwa saa ile ile jioni baada ya jioni, uso wake ukiwa karibu kuliko uso wa mgeni yeyote, na husema mbele ya Mama siri ambazo hazisemi hata mbele ya mchumba wake. Mama ana wajukuu Dar es Salaam ambao hajui hata chakula wanachokipenda.

Nimesoma pia kwamba mwanafalsafa Mwingereza, Colin Radford, aliuliza mwaka 1975 inawezekanaje tuguswe na masaibu ya mtu ambaye tunajua fika hayupo, akahitimisha kwamba hisia hizo ni za kawaida kwa binadamu lakini zina mgongano ndani yake. Wenzake wengi walimpinga, nami niko upande wao. Kaka yangu wa pili, mtu mshika dini, alimwambia Mama kwamba kumwombea mtu wa kubuni ni kuifanyia dua mzaha. Mama alimjibu kwa upole: “Wenye ugonjwa ule wapo, mwanangu. Mimi naomba, Mungu anajua ataipeleka wapi.” Kaka alinyamaza, ila hakuubadili msimamo wake.

Wala jambo hili si geni nyumbani kwetu, ingawa kaka zangu wamelisahau. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, nasi tuliusikiliza pamoja na majirani, redio ikiwa juu ya kabati. Humo alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, ambaye hatimaye alipatwa na UKIMWI. Mama alikuwa akimtukana Mkwaju kwa sauti, na kaka yangu huyu huyu mkubwa alikuwa akichochea. Nimekuja kujua sasa kwamba michezo ya aina ile hutungwa makusudi ili msikilizaji ajifungamanishe nayo, kwa njia iliyoanzishwa na Mmeksiko Miguel Sabido katika miaka ya 1970: wawepo wahusika wema, wawepo waovu, na katikati wawepo wanaoyumba, ili msikilizaji ajione ndani ya hao wa katikati na kubadilika pamoja nao. Kwa hiyo pale watu walipomchukia Mkwaju au kuwahurumia wa nyumbani kwake, hawakuwa wamedanganyika. Mchezo ulikuwa unafanya kazi uliyotumwa kuifanya, na wapo waliookoa maisha yao kwa kusikiliza. Kama chuki ile haikuitwa wazimu, sioni kwa nini mapenzi haya yaitwe hivyo.

Nilimsimulia kaka habari ya Tokyo, ambako mwezi Machi 1970 mamia ya watu walihudhuria mazishi ya bondia wa kwenye hadithi za katuni, yaliyoandaliwa na mshairi Shuji Terayama katika jengo la kampuni ya uchapishaji ya Kodansha. Alinijibu kwamba Wajapani ni Wajapani. Nikamtajia Waingereza, ambao waliposoma mwaka 1893 kwamba Arthur Conan Doyle amemuua mpelelezi wake Sherlock Holmes walilalamika sana, hata mwandishi huyo, baada ya miaka kumi, akamrudisha hai katika hadithi mpya. Hapo kaka alicheka, akaniuliza kama nasi tuandike barua Istanbul. Alisema kwa dhihaka, lakini neno lake lilinikaa moyoni, kwa sababu hiyo ndiyo tofauti kati ya Mama na wale wasomaji. Hadithi yao ilikuwa bado mkononi mwa mtu anayeweza kuombwa, ilhali hii ya Mama ilikwisha kufungwa zamani, waigizaji wamekwenda kwenye kazi nyingine, na sisi tunaletewa kidogo kidogo.

Naomba nitoe na fikra yangu mwenyewe, ambayo sikuikuta katika maandishi yoyote. Mama ameishi maisha yake yote akihudumia watu: wodini, kwa majirani waliokuja kugonga mlango usiku, na kwa Baba, aliyemuuguza hadi alipofariki. Tangu hapo sisi watoto wake, kwa kumpenda, tumempokonya kila kazi. Akishika ndoo anaambiwa apumzike. Mjukuu akipata homa anaambiwa atafahamishwa baadaye ili asiwe na wasiwasi. Tumemwacha na mikono mitupu, akatokea kijana yatima anayeumwa, ambaye hakuna awezaye kumwambia Mama kwamba hali yake haimhusu. Nashuku kwamba angekuwa na mgonjwa halisi wa kumpelekea uji, kijana wa Kituruki angekuwa burudani ya jioni tu. Nilipomgusia kaka jambo hili aliona kama namlaumu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Hata hivyo sitaki kumsema kaka kana kwamba hana hoja. Mama ana presha, anatumia dawa, na mara mbili tatu asubuhi baada ya kipindi kibaya kipimo kimepanda. Kaka anauliza: kama kuugua tu kwa kijana kunafanya hivi, kufa kwake kutafanya nini? Swali hilo sina jibu lake. Ninaloliona ni kwamba kukata kifurushi ghafla, kijana akiwa katikati ya matibabu, hakutamwondolea Mama wasiwasi, bali kutamwacha na mgonjwa asiyejua ameishia wapi. Na muuguzi, Ndugu Mshauri, hilo ndilo jambo gumu kwake kuliko msiba wenyewe.

Basi najikuta kati ya mambo mawili. Nikimwambia mapema, huenda akajiandaa, kwani amewaona wengi wakifa na anajua kuuaga mwili. Lakini huenda pia nikawa nimemnyang'anya jioni zilizobaki za kutumaini, na dua yake ya usiku ikawa ya mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Nikikaa kimya, nina hofu kwamba mpwa wangu wa kidato cha tatu, ambaye naye amekwisha kuutafuta mwisho kwenye simu yake, ataropoka mbele ya bibi yake. Nimefikiria pia nimwombe Mama aende mara moja kwa wiki kwenye kituo cha afya kilicho jirani, ambako wauguzi vijana wanamheshimu na wamewahi kumwita azungumze na kina mama wajawazito, ila nachelea kumtafutia kazi kwa hila, kwa kuwa akigundua atakasirika.

Naomba unishauri iwapo nimwambie Mama mwisho wa tamthilia, na kama ndiyo, nianzie wapi. Naomba pia unisaidie namna ya kuzungumza na kaka mkubwa, mimi nikiwa kitinda mimba, bila kumvunjia heshima na bila kumkubalia ampeleke Mama kwa daktari wa akili kama vile ni mwehu. Iwapo unaona kweli kuna haja ya daktari, tafadhali useme ni daktari gani na aelezwe nini, maana kwa daktari wa presha nitampeleka kwa hiari yangu. Kwa jinsi vipindi vinavyokwenda, nakadiria zimebaki wiki chache kabla ya siku hiyo, na malipo ya kifurushi yanaisha mwisho wa mwezi, kwa hiyo nitashukuru sana ukiitanguliza barua yangu.

Wako katika kusubiri,
Binti wa mwisho,
Tanga