Barua kwa mwanangu Zuhura: huyo mgeni wa wodini kwenu

Mwanangu Zuhura,

Salamu na dua. Nakuandikia kwa sababu jana kwa simu hukuniacha nimalize, ulikuwa wacheka. Ulinisimulia yule binti muuguzi, mgeni kazini, mliyemtuma famasia akaulize mashine ya kupimia subira, akaenda kweli maskini, akazungushwa mpaka stoo na maabara, akarudi kalowa jasho huku wodi nzima ikimcheka. Ukangoja nami nicheke. Mimi nilikuwa nawaza: muda wote huo, wagonjwa wake waliangaliwa na nani?

Utasema ni mzaha tu, na kwamba nyinyi pia mlipitishwa humo humo. Hoja hiyo naisikia tangu nilipovaa sare ya uuguzi, na haijanikinaisha hata siku moja. Ati "sisi tulifokewa ndipo tukaijua kazi". Wewe kazi hukuijua kwa kutukanwa mbele ya jamaa za mgonjwa. Ulifunzwa na yule mama wa leba asiye na maneno mengi, aliyekushika mkono akauweka juu ya tumbo la mzazi na kukuuliza, "Kichwa kiko wapi? Na mgongo je?" mpaka ukaupata mwenyewe. Ulinisimulia kwa furaha siku ile. Hao waliokufokea, hebu niambie walikufunza nini. Labda kujificha ukisikia viatu vyao.

Wengi hudhani hasara ya ukali huu ni machozi ya mtoto wa watu. Machozi hukauka. Ninaloliogopa mimi ni swali asiloliuliza. Chukua insulini. Chupa ni ya yuniti 100 kwa mililita moja, kwa hivyo mgonjwa akiandikiwa yuniti 10, hiyo ni sehemu moja ya kumi ya mililita, kitu kidogo mno machoni pa asiyezoea. Sindano za insulini zimeisha, kama zinavyoisha, na mgeni ameshika sindano ya kawaida. Akivuta mililita nzima, amempa mgonjwa mara kumi ya alichoandikiwa, na sukari inaporomoka watu wakidhani amelala. Potasiamu nayo isipochanganywa kwenye dripu, ikasukumwa vivi hivi mshipani, moyo husimama. Chuoni aliyasoma yote hayo na mtihani akapasi. Lakini saa nane za usiku, wodi imejaa, jamaa wanaita huku na huku, alilolijua vizuri linaweza kumponyoka. Akijua kwamba akiuliza ataambiwa "kwani chuoni ulikwenda kufanya nini?", hatauliza. Atakisia.

Tulipokuwa tukifunzwa kusimamia wanafunzi, tulisomeshwa habari za Patricia Benner, muuguzi wa Marekani, aliyeeleza mwaka 1984 hatua tano anazopitia muuguzi tangu uanagenzi hadi ubingwa. Kwa maelezo yake, mtu huanza kujimudu hasa baada ya miaka miwili au mitatu katika kazi ya aina moja. Nililolipenda zaidi ni hili: mzoefu naye, akihamishiwa asikokuzoea, hurudi chini. Wewe ukitolewa wodi ya wazazi kesho ukapelekwa ICU kwa wagonjwa mahututi, utakuwa mgeni kama huyo binti, na masista wa huko watakushangaa kwamba hujui hata kengele ipi ni ya mashine ipi.

Sikatai, mmechoka. Muuguzi mmoja na vitanda vyote vile, na vingine vimelaliwa na wagonjwa wawili wawili, anapata wapi nafasi ya kumfunza mtu? Hapo nakuonea huruma kwa dhati, na kosa si lenu. Lakini kumbuka ulivyoingia wewe. Mgomo wa wauguzi wa 2017 hapa Kenya ulianza Juni ukaisha Novemba, nawe ulikuwa mwanafunzi. Ulikuwa ukirudi nyumbani kuniambia hakuna wagonjwa wa kujifunzia. Ulianza kazi kuna mambo hujawahi kuyagusa kwa mkono wako, na ulitaka uvumiliwe. Nyinyi mliosoma wakati wa mgomo ule nilidhani ndio mtakaokuwa wapole zaidi kwa wageni.

Halafu kuna la mshahara, ambalo watu hulizunguka. Wale wa UHC, mpango wa serikali wa afya kwa wote, walioajiriwa kwa kandarasi mwaka 2020 walishika zamu zile zile kwa pesa kidogo kuliko wenye ajira ya kudumu. Mtu wa namna hiyo ukimbebesha wagonjwa mahututi wote, na sikukuu zote, na dhihaka juu yake, kitu gani kimzuie asiende? Saudia wanataka wauguzi, Uingereza wanataka wauguzi. Akishapanda ndege, utabaki wewe na wodi yako, na uchovu ule ule unaoulalamikia.

Wala sikwambii umdekeze. Akikosea kupima, mzuie mkono pale pale. Akichelewa kila siku, mwambie. Feri ya Likoni sote twaijua, na wenzake wanaovuka wanafika. Akiandika presha ambayo hakuipima, hilo usilifunike hata kidogo, lipeleke kwa inchaji, msimamizi wa wodi. Mimi nilikuwa mkali, waulize niliofanya nao kazi. Lakini hakuna aliyeogopa kuniamsha kwenye kiti changu usiku kuniuliza dozi, na ndivyo nilivyotaka.

Ulisema Alhamisi mna zamu ya usiku pamoja. Kabidhianeni kitanda kwa kitanda, msisomeane majina mkiwa kaunta. Insulini ya asubuhi aivute yeye, wewe uitazame kabla haijamfikia mgonjwa, kisha mtie sahihi nyote wawili. Na kabla ya hayo yote, mwombe radhi kwa ile mashine ya subira. Usimwite pembeni; mwombe mbele ya wale wale waliocheka.

Mamako